Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya na Kaunti 47: Kipimo cha Saratani ya Utumbo Mpana Kitoke Mkononi mwa Daktari wa Familia

Kwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Kenya, mawaziri wa afya wa kaunti zote 47 na Baraza la Magavana

KUH: KUTOA KIPIMO CHA DAMU YA CHOO KATIKA HUDUMA ZA AFYA YA MSINGI

Saratani ya utumbo mpana huanza kimyakimya. Katika ukuta wa ndani wa utumbo huota kinyama kidogo, yaani polipu, kisichouma, kisichowasha wala kumzuia mtu kula. Vinyama vingi hubaki hivyo hadi mwenyewe anazeeka. Vichache, chini ya kimoja katika kila kumi, hubadilika polepole vikawa saratani, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka ipatayo 10. Kinyama kikionekana ndani ya muda huo, hukatwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye kamera ya kolonoskopia, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo, na saratani iliyokuwa njiani haifiki. Kikiachwa, hutokea siku kikajitangaza chenyewe: damu chooni, kukonda, upungufu wa damu usio na maelezo, tumbo kuziba. Nchini Uingereza, ambako hesabu za wagonjwa hufuatiliwa kwa makini, zaidi ya watu 90 kati ya 100 wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa katika hatua ya kwanza huwa hai miaka mitano baadaye. Wanaogunduliwa katika hatua ya nne na kufikisha miaka hiyo mitano ni karibu 10 tu.

Duniani kote saratani hii ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa na ya pili kwa vifo. Mwaka 2022 iliwapata watu wapatao milioni 1.9 na kuua takriban 900,000. Kwa muda mrefu Afrika Mashariki iliihesabu kuwa maradhi ya ng'ambo, ya watu wa nyama za makopo na maisha ya kukaa. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Nchini Kenya imo sasa kati ya saratani zinazoongoza, pamoja na ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio. Tafiti za hospitali za ukanda huu nazo zimerudia kuonyesha jambo linalotia hofu zaidi: sehemu kubwa ya wagonjwa hawajafikisha miaka 50, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Kenneth Okoth, mbunge wa Kibra, alifariki tarehe 26 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 41. Saratani ya utumbo ilikuwa imegunduliwa mwilini mwake ikiwa tayari katika hatua ya nne. Alichagua kuutaja ugonjwa wake hadharani kwa jina lake, katika nchi ambayo matangazo mengi ya vifo husema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na uliwafungulia watu mlango wa kuuliza maswali waliyokuwa wakiyaonea aibu. Huduma iliyopaswa kuingia kupitia mlango huo bado haijawafikia wananchi wa kawaida.

Maandishi yapo. Mwongozo wa Kitaifa wa Uchunguzi wa Saratani uliotolewa na Wizara mwaka 2018 unapendekeza watu wasio na dalili, wanaume kwa wanawake, wachunguzwe kuanzia miaka 45 hadi 75, ama kwa kupima choo kila mwaka, ama kwa kolonoskopia kila baada ya miaka 10. Ni mwongozo mzuri, na umri wa 45 ulichaguliwa Kenya kabla nchi nyingi tajiri hazijateremka kutoka 50. Lakini mtu wa miaka 50 anayeingia zahanati ya Kitui, Lamu au Turkana kupimwa presha kwa kawaida hutoka na presha yake imeandikwa daftarini, bila yeyote kumtajia utumbo. Barua hii inahusu pengo hilo kati ya karatasi na benchi la zahanati, na inadai kwamba mtu wa kuliziba ni yule ambaye mgonjwa ameshamzoea: daktari wa familia pamoja na kikosi chake.

Kipimo chenyewe ni kitu kidogo. Kinajulikana kote kwa jina la FIT, nacho ni kichupa cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kijiti kilichoshikamana na kifuniko. Ncha ya kijiti ina vijifereji vinavyobeba choo kidogo mno. Katika aina moja inayotumika sana ni miligramu 10, ambazo huingia kwenye mililita 2 za maji ya kuhifadhi. Mtu hutandika karatasi ili kinyesi kisiguse maji, hukichomachoma kwa kijiti sehemu kadhaa, hukirudisha kijiti kichupani, hufunga na kuandika tarehe. Kwenye choo cha shimo, gazeti kuukuu juu ya jani pana la mgomba hufanya kazi ileile. Hakuna sindano, hakuna kufunga kula, na nyumba haihitaji kujua kinachoendelea.

Maabarani, kingamwili hutafuta globini, ambayo ni protini ya damu ya binadamu. Hapo ndipo FIT hukiacha mbali kipimo cha zamani cha guaiac, kilichotambua damu kwa kemikali isiyobagua: nyama nyekundu aliyokula mtu juzi iliweza kukidanganya, na sampuli zilitakiwa za siku tatu tofauti. FIT hakidanganywi na nyama choma ya Jumapili. Tena damu ikivuja juu, tumboni au katika utumbo mwembamba, globini yake humeng'enywa njiani, hivyo ile inayoonekana kichupani aghalabu imetoka katika utumbo mpana wenyewe.

Kipimo hiki kina mipaka, na daktari anayekitoa hana budi kuieleza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba FIT kimoja hunasa saratani zipatazo 79 kati ya 100. Polipu huzikosa zaidi, kwa sababu nyingi hazivuji damu kila siku. Nguvu yake imo katika kurudiwa: kinyama kilichonyamaza mwaka huu huenda kikavuja mwaka ujao. Mtu aliyepimwa mara moja akaambiwa yuko salama maisha yake yote amedanganywa.

Ushahidi kwamba kutafuta damu chooni huokoa maisha ulipatikana kwanza kwa kile kipimo dhaifu cha zamani. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, matokeo yaliyotolewa mwaka 1993 yalionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa theluthi miongoni mwa watu waliopimwa kila mwaka. Mwaka 1996, Nottingham nchini Uingereza na Funen nchini Denmark, walikopima kila baada ya miaka miwili, ziliripoti vifo kupungua kwa asilimia 15 na 18. Kisha likaja somo la California Kaskazini. Huko shirika la afya la Kaiser Permanente liliwagawia wanachama wake FIT kila mwaka, likawakumbusha na kuwafuatilia. Waliotimiza uchunguzi walipanda kutoka asilimia 39 mwaka 2000 hadi 83 mwaka 2015, na vifo vikashuka kwa zaidi ya nusu.

Swali linalobaki ni nani akitoe. Uingereza ilianza mpango wake wa taifa mwaka 2006 kwa kutuma vifaa kwa posta. Kati ya watu milioni 2.6 walioalikwa mwanzoni, 54 katika kila 100 walirudisha kipimo. Katika mitaa yenye nafuu zaidi walirudisha 61, na katika mitaa maskini zaidi 35. Bahasha ilikuwa ileile na maneno yaleyale. Baadaye watafiti walijaribu kutaja kliniki ya daktari wa familia kwenye barua ya mwaliko, idadi ikapanda, ila kidogo sana. Jambo hili linafaa kutiliwa maanani na kila anayedhani kwamba sahihi ya daktari inaweza kushika nafasi ya daktari aliyeketi mbele ya mgonjwa.

Nchini Kenya njia ya posta haipo hata ya kujadiliwa. Barua haifiki mlangoni. Huishia kwenye sanduku la shule, la kanisa au la mwajiri, mahali ambapo hakuna anayetaka kichupa cha choo chake kifunguliwe na karani. Kenya kwa hiyo haina budi kuanzia pale ambapo nchi za posta zimerejea baada ya kuhangaika. Australia ilitegemea posta tangu mwaka 2006, lakini mwaka 2022 ilifungua njia ya pili, ambapo kliniki huagiza vifaa kwa wingi na daktari au muuguzi humkabidhi mtu ana kwa ana. Njia hiyo ilizaliwa katika majaribio ya kliniki zinazohudumia jamii za wenyeji asilia, watu ambao bahasha zilikuwa zikiwapita. Mjini San Francisco, wauguzi walioanza kuwapa watu waliokuja kuchanjwa homa ya mafua kipimo cha choo cha kwenda nacho nyumbani waliona idadi ya waliopimwa ikipanda. Kenya haina msimu wa chanjo ya mafua wa namna hiyo, lakini ina siku za kliniki ya presha na sukari katika karibu kila kituo cha afya, na wanaozihudhuria wengi ndio hao hao wa miaka 45 kwenda juu.

Ufaransa inaonyesha upande wa pili wa shilingi hiyo. Huko, kwa miaka mingi, kichupa kilitoka hasa kwa daktari wa familia, na waliopimwa walibaki karibu theluthi moja tu ya waliostahili. Mtu asiyeugua hamtembelei daktari, na daktari mwenye foleni ndefu husahau. Mwaka 2022 nchi hiyo iliruhusu wafamasia nao wakitoe, na watu wakiagize kwa mtandao. Daktari wa familia anafaa kuwa mlango wa kwanza na mwenye kusimamia kazi yote. Kumfanya mlango wa pekee ni kuwaacha nje wanaume wasiokanyaga kliniki, ambao kila muuguzi wa Kenya anawajua.

Neno lenyewe “daktari wa familia” linahitaji ufafanuzi hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mabingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, na vyuo vingine vikiwemo Aga Khan na Kabarak vikafuata, lakini mabingwa hao bado ni wachache mno kwa nchi hii. Mpango unaosubiri kila kata ipate wake utasubiri milele. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 imeweka mitandao ya huduma, ambamo hospitali moja huzungukwa na vituo vya afya na zahanati, kikiwepo kikosi kinachoongozwa na daktari wa familia pale alipo. Ndani ya mtandao huo, anayemjua mgonjwa kwa jina mara nyingi ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyekaa kituo kimoja miaka minane. Huyo ndiye daktari wa familia machoni pa kijiji, na kichupa kinaweza kutoka mkononi mwake, bingwa akisimamia majibu na rufaa. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, wanaweza kukumbusha, kuchukua vichupa nyumbani na kumtafuta aliyenyamaza. Kusoma majibu na kuyatafsiri si kazi yao, na wasitwishwe.

Kinachotokea katika chumba cha daktari kina uzito kuliko mabango yote ya uhamasishaji. Mama wa miaka 52 anayekuja kila mwezi kuchukua dawa za presha hahitaji hotuba. Anahitaji mtu anayemheshimu kumwambia: “Mama, hiki ni kama kile kipimo cha choo ulichopimwa amiba, ila hiki kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho.” Wakenya wamezoea kupeleka choo maabara. Wamepimwa amiba, minyoo na homa ya matumbo tangu utotoni. Aibu ipo, hasa kwa mzee anayezungumzia haja kubwa mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake, na kwa mkwe anayehofia kuonekana na mkebe njiani. Lakini aibu hiyo ina dawa rahisi: mlango uliofungwa, maneno ya adabu, bahasha ya khaki ya kurudishia kichupa, na mhudumu asiyetangaza jina na kipimo cha mtu mbele ya foleni.

Humo chumbani pia ndimo linamoulizwa swali ambalo hakuna mashine inayoweza kuliuliza: nani katika ukoo aliwahi kuugua utumbo? Jibu mara nyingi huwa fupi, kwamba kaka mkubwa “alikufa na tumbo”. Daktari aliyemzoea mgonjwa hatasonga mbele. Atauliza kaka alikuwa na umri gani, alikonda, alitoa damu, alipasuliwa wapi. Mtu ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake aliugua saratani hii hapaswi kupewa kichupa kisha akaambiwa asubiri mwaka. Miongozo ya nchi nyingi humtaka afanyiwe kolonoskopia mapema, kwa kawaida kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa. Na mtu anayekuja akisema anaona damu chooni hapewi kipimo cha uchunguzi kama asiye na dalili. Huyo ni mgonjwa tayari, na huanza kuchunguzwa siku hiyo. Dhana kwamba ni bawasiri tu imewafukia wengi: mgonjwa aliandikiwa dawa ya kupaka mara tatu, nne, tano, pasipo yeyote kuingiza kidole kilichovaa glavu kuhisi kilichoko ndani.

Hapa ndipo yafaa kurudi kwa umri wa Okoth. Akiwa na miaka 41 asingealikwa na mwongozo unaoanzia 45, na Wakenya wengi wanaougua wako chini ya mstari huo. Uchunguzi wa watu wasio na dalili hautawafikia wote. Kichupa kilekile, hata hivyo, kina kazi ya pili mikononi mwa daktari wa familia. Nchini Uingereza, tangu 2023 mwongozo wa taifa unamtaka daktari ampe FIT mtu mwenye dalili fulani za tumbo, kama vile choo kilichobadilika au upungufu wa damu, kabla ya kumpeleka kwa bingwa. Kiwango cha kutia shaka kwa hao kimewekwa chini kabisa: mikrogramu 10 za protini ya damu katika kila gramu ya choo. Kijana wa miaka 34 mwenye upungufu wa damu asiyepona kwa vidonge vya madini ya chuma anastahili njia hiyo Kenya pia. Kituo kitakachokuwa na vichupa kwa ajili ya wazee kitakuwa navyo kwa ajili yake, na hii ni faida ambayo mipango ya posta haikuweza kuitoa.

Baada ya chumba cha daktari linakuja suala la joto, ambalo miongozo iliyoandikwa katika nchi za baridi haiangalii sana. Globini huharibika kwenye joto, na ikiharibika, damu iliyokuwepo haionekani. Mtu mwenye saratani huambiwa hana. Australia imeliona hili kiasi kwamba haitumi vifaa katika maeneo yake ya joto wakati wa miezi ya joto kali. Mombasa, Garissa, Wajir na Lodwar hazina miezi ya kusubiri ubaridi. Kichupa huko hakina budi kurudi kituoni kesho yake, wala si wiki ijayo, na kituo kiwe na pa kukihifadhi. Friji iliyopo katika zahanati nyingi ni ya chanjo, nayo hairuhusiwi kuwekewa sampuli za wagonjwa. Kwa hiyo friji ya pili, au kisanduku cha barafu na siku maalum ya pikipiki ya kupeleka sampuli maabara ya hospitali, si anasa. Bila hivyo mpango utazalisha majibu ya uongo, tena ya upande hatari.

Aina ya kipimo nayo ichaguliwe kwa busara. Zipo FIT za kusoma kwa mistari, kama kile kipimo cha haraka cha malaria, ambazo zahanati yoyote inaweza kuzitumia. Zipo za mashine, zinazotoa namba. Za mistari huvutia kwa wepesi, lakini kiwango chake kimeshapangwa na kiwanda, na mstari hafifu husomwa na kila jicho kivyake. Za namba huipa nchi usukani: kiwango kinaweza kupandishwa au kushushwa. Scotland ilianza FIT mwaka 2017 kwa kiwango cha mikrogramu 80, na England mwaka 2019 kwa 120, kila moja ikipima uwezo wa hospitali zake. Uholanzi ilianza mwaka 2014 kwa 15, ikakuta wenye majibu ya damu ni wengi kuliko nafasi za kolonoskopia, na katikati ya mwaka huohuo ikapandisha hadi 47. Nchi yenye mipango mizuri kiasi hicho ilizidiwa ndani ya miezi. Kando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine ya tahadhari: kichocho cha utumbo nacho huleta damu chooni, na kiwango kinachofaa Nyeri huenda kisifae Mbita. Hilo halitajulikana mpaka vipimo vya mwanzo vihesabiwe kaunti kwa kaunti.

Somo la Uholanzi linagusa kiini cha barua hii. Jibu la damu si ugonjwa, ila ni ahadi kwamba mtu atatazamwa ndani kwa kamera. Hesabu ya mfano inatosha kulionyesha. Mtandao wenye watu 4,000 wa umri unaohusika, nusu yao wakikubali, hutoa vipimo 2,000. Ikiwa watano katika kila 100 watakutwa na damu, watu 100 watahitaji kolonoskopia kutoka mtandao mmoja tu, kwa mwaka mmoja. Mashine na mikono ya kuzitumia ziko zaidi Nairobi na katika miji michache mikubwa. Huko California Kaskazini, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba wenye jibu la damu waliosubiri zaidi ya miezi 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kukutwa na saratani, tena iliyosonga mbele. Kumpa mtu jibu hilo kisha kumweka kwenye foleni ya mwaka mzima ni kumwongezea hofu bila kumwongezea uhai, na zahanati iliyompa itapoteza imani ya kijiji kizima.

Uwezo huo unaweza kujengwa. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeonyesha kwa miaka mingi, katika vita dhidi ya saratani ya umio, kwamba endoskopia, yaani kutazama ndani ya mwili kwa kamera, ya kiwango cha juu hufanyika pia mbali na Nairobi. Uingereza inawatumia wauguzi waliofunzwa kufanya kolonoskopia, na kazi yao imekubalika. Maafisa wa kliniki wa Kenya, ambao tayari hufanya upasuaji wa mtoto wa jicho, hawashindwi kufunzwa hili. Kinachohitajika ni mafunzo yenye mtihani, usimamizi wa bingwa, mashine zenye mkataba wa matengenezo, na dawa ya kusafisha utumbo inayopatikana kila wakati. Mashine nyingi za umma hufa kwa kukosa matengenezo hayo.

Kisha pesa. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ilhali huduma za hospitali hutegemea hazina ya michango, ambayo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara hulipa kulingana na hali ya nyumba yake. Kwa mpangilio huo kichupa kinaweza kutolewa bure zahanati, halafu mama muuza mboga aliyekosa kulipa mchango wake akafika hospitali na barua ya rufaa mkononi, akarudishwa. Kolonoskopia inayofuata jibu la damu ni nusu ya pili ya kipimo kilekile. Inafaa ilipwe kutoka mfuko uleule uliolipia kichupa, pamoja na uchunguzi wa kinyama kilichokatwa, bila kuulizwa michango.

Wizara ya Afya na serikali za kaunti zinaombwa zianze na mitandao michache, angalau mmoja wa pwani au kaskazini penye joto, mmoja wa kando ya ziwa na mmoja wa nyanda za juu. Zinaombwa zisitoe kichupa cha kwanza katika mtandao wowote kabla hospitali yake ya rufaa haijatenga siku za kolonoskopia kwa ajili ya wenye majibu ya damu, na kuahidi kwa maandishi kuwatazama ndani ya miezi mitatu. Zinaombwa kila kituo kiwe na daftari moja, la karatasi au la tarakilishi, linaloonyesha nani alipewa, nani alirudisha, nani alikutwa na damu na nani amekwisha kutazamwa, na daktari wa familia alitie sahihi kila mwezi. Na matokeo ya mwaka wa kwanza, mazuri na mabaya, yatangazwe kwa wananchi kaunti kwa kaunti.

Mwaka 2028 mwongozo wa uchunguzi utatimiza miaka 10, muda uleule ambao polipu huhitaji kugeuka saratani. Mkenya aliyekuwa na miaka 45 siku ulipotolewa atakuwa na 55. Kichupa kimfikie kabla ya hapo.